Tathmini ya Isiolo, Wasomaji wa London

Ndugu zangu, mwenzenu niko hapa London, jirani na wenye fedha zao, na leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hii kazi inayoitwa ufuatiliaji na tathmini ya miradi ya tabianchi vijijini imekaa kichwa chini miguu juu. Anayefuatiliwa ni mwanakijiji, anayetathmini ni mfadhili. Kwa nini isiwe kinyume chake?

Chukueni Isiolo. Wafugaji wa Kiborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yafungwe wakati wa mvua ili yabaki kwa kiangazi, na nani anyweshe mifugo wapi. Wazee hao wanapima kila msimu: nyasi, maji, maziwa, mizoga. Hiyo si tathmini? Fedha za Uingereza zilipofika kupitia DFID (idara iliyovunjwa 2020), kamati za wadi zilipewa nafasi ya kuchagua miradi zenyewe. Hapo nawapa heko, sina kinyongo. Taasisi ya IIED ya hapa London ikabuni na mfumo wa kupimia, TAMD, ukajaribiwa hukohuko Isiolo. Hata mkutano wa Nairobi wa Aprili 2015 mada yake ilikuwa hiyohiyo ya kupima.

Sawa. Lakini kisima kinahesabiwa lini? Mradi una miaka yake mitatu, ukame haufuati kalenda ya mradi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mtihani ndio huo, na kwa kawaida unakuja mtathmini akiwa ameshapanda ndege, ripoti imefungwa, watu kadhaa "wamenufaika". Wamenufaika na nini, ikiwa kiangazi chenyewe hakijafika?

Nasi tunaokatwa kodi hapa tusijifanye wageni. Mwaka 2021 serikali ilishusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na Februari 2025 ikatangaza 0.3 ifikapo 2027. Mzee wa dedha hana fomu ya kumpa waziri alama.

Ninachodai ni hiki: ripoti isomwe barazani kwa Kiborana au Kiswahili kabla ya kutumwa huku, na wazee waachiwe fungu la kurudi kupima baada ya ukame. Wataalamu watakaosema ni ghali, watutajie kwanza mshauri mmoja analipwa kiasi gani kwa siku.