Kioo cha Dirishani na Kioo cha Mlangoni

Kule Nkome, wilayani Geita, ajengaye nyumba kando ya Ziwa Victoria humwuliza muuzaji wa vioo habari za bei na rangi. Ni heri aulize kwanza kioo kitavunjika vipi.

Kioo cha kawaida hupasuka vipande virefu vyenye makali ya kisu. Jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika Ubalozi wa Marekani, vioo vya madirisha viliwajeruhi watu wengi machoni, na baadhi yao walipofuka. Nyumbani hapana bomu. Lakini yupo mtoto akimbiaye, na upo upepo wa ziwa ubamizao milango.

Basi, ndugu msomaji, dirisha dogo lililo juu litie kioo cha kawaida, milimita 3 au 4. Dirisha pana lielekealo ziwani lahitaji kinene zaidi. Mlangoni, bafuni na karibu na sakafu, unene pekee haufai kitu. Hapo pataka kioo kilichoimarishwa kwa moto: hupashwa joto kupita nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa, nacho kikivunjika huwa punje ndogo. Aghalabu huwa na alama pembeni. Itafute, kwani neno la muuzaji halitoshi. Kioo hicho hakikatwi tena wala kutobolewa, hivyo fremu ikamilike na kupimwa kabla ya kukiagiza.

Bei yake ni kubwa, twakiri. Asiyeimudu na atie mbao nusu ya chini ya mlango, kioo kikae juu ya kimo cha mtoto.