Theo Walcott Hakufeli, Tulimpa Tu Mtihani wa Mtu Mwingine

Juzi niliposti klipu fupi. Anfield, Aprili 2008, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Theo Walcott, miaka 19, ametoka benchi. Anachukua mpira karibu kabisa na boksi lao Arsenal na kuanza kukimbia. Anapita wa kwanza, anapita wa pili, wachezaji wa Liverpool wanamfukuza kama watu wameachwa na matatu ya mwisho. Anafika huko mbele, badala ya kupiga anamgawia Adebayor. Bao. Mbili kwa mbili, na kwa sheria za wakati huo Arsenal wanapita kwa mabao ya ugenini.

Komenti ya kwanza: "Huyu si ndiye alifeli?" Hiyo komenti ikapata laiki kuliko klipu yenyewe.

Sikumjibu hapo. Nimekaa nayo siku tatu. Sasa wacha nijibu vizuri, juu naona wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa ama mlikuwa bado mnabebwa mgongoni wakati mambo haya yanatokea, na hilo neno "alifeli" mmelirithi tu kwa makaka zenu.

Walcott aliingia Arsenal Januari 2006 akitoka Southampton, ambao wakati huo hawakuwa hata Ligi Kuu. Alikuwa na miaka 16. Kumi na sita, msee. Mimi nikiwa na hiyo miaka nilikuwa naficha simu ndani ya soksi bwenini. Miezi michache baadaye, kabla hajacheza hata dakika moja ya Ligi Kuu, kocha wa Uingereza Sven-Göran Eriksson akasoma majina ya timu ya Kombe la Dunia na jina lake likawa ndani. Jermain Defoe, straika mzima aliyekuwa anafunga Tottenham, akaambiwa asubiri pembeni. Mwisho wa Mei dogo akachezeshwa mechi ya kirafiki na Hungary, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kuchezea timu kubwa ya Uingereza. Miaka 17 na siku 75.

Halafu wakafika Ujerumani. Hapa ndipo mimi hushikwa na hasira. Rooney alikuwa ndio anatoka kuvunjika mguu. Owen akaumia goti dakika ya kwanza ya mechi na Sweden, akarudi nyumbani. Robo fainali na Ureno, Rooney akala kadi nyekundu. Mastraika walikuwa wanne tangu mwanzo, sasa hebu nihesabie waliobaki. Na bado Walcott hakuingia. Kombe la Dunia lote, sifuri dakika. Walimpeleka mtoto mbele ya dunia nzima kisha wakamkalisha kwenye kiti kama mgeni aliyekuja harusini bila kadi.

Wewe fikiria unarudi nyumbani ukiwa maarufu kwa kitu ambacho hujafanya. Hiyo ndiyo kazi yake ilivyoanza. Kabla aguse mpira, tayari alikuwa na deni.

Na Arsenal nao wakaongeza. Henry alienda Barcelona 2007, mwaka uliofuata dogo akapewa jezi namba 14. Sijui nani aliona hiyo ni zawadi. Mwezi mmoja hivi baadaye, Septemba 2008, akaenda Zagreb akafunga mabao matatu, Uingereza wakashinda 4-1. Hao Croatia walikuwa hawajawahi kupigwa kwao kwenye mechi ya mashindano, na ndio hao hao waliowazuia Waingereza kwenda Euro ya mwaka huo. Watu wakasema basi, Henry mpya amefika.

Enyewe hakuwa Henry. Tuseme ukweli hapa ndio msiniite shabiki kipofu. Alikuwa na mbio ambazo hazikuwa na mwenzake, lakini krosi zake nyingine zilikuwa zinatafuta watu jukwaani. Kuna mechi alikuwa anapotea dakika themanini. Chris Waddle, winga wa zamani wa Uingereza, alisema hadharani mwaka 2010 kwamba kijana hana akili ya mpira, hajui wakati wa kukimbia na mahali pa kukimbilia. Mwaka huo huo Fabio Capello akamwacha nje ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, yule yule Capello aliyeshinda kwa mabao yake kule Zagreb. Agosti akarudi uwanjani akafunga matatu Blackpool wakipigwa 6-0. Hivyo ndivyo alivyokuwa: leo anakuudhi, kesho unaruka juu ya benchi.

Mimi namkumbuka vizuri kuanzia Desemba 2012. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Krismasi, binamu yangu mkubwa akanilipia mbao kwenye kibanda cha mpira, Jumamosi usiku, Arsenal na Newcastle. Iliisha 7-3. Walcott matatu. Lile la mwisho aliangushwa ndani ya boksi, akainuka kabla refa hajaamua, akaunyanyua mpira juu ya kipa. Mtu yeyote angebaki chini akiomba penalti. Kibanda kilitingishika hadi mwenye televisheni akatuambia tukae chini ama anazima. Msimu huo alifunga mabao 21 kwenye mashindano yote. Winga.

Sasa tuongee namba, juu nyinyi hupenda namba mkibishana kuhusu Ronaldo na Messi. Walcott aliichezea Arsenal mechi 397 na kufunga mabao 108. Ljungberg, ambaye mnamwita lejendi, alifunga 72. Pires, ambaye mkimtaja mnafumba macho kama mnasali, 84. Bergkamp, mtu aliye na sanamu nje ya uwanja, 120. Najua, Pires alicheza mechi chache zaidi na alikuwa na wenzake wa ile timu isiyofungwa, na mimi mwenyewe nikiambiwa nichague mmoja kwa fainali namchukua Pires bila kufikiria. Lakini hakuna mtu duniani anaitwa amefeli akiwa na mabao 108 Arsenal, isipokuwa mtu ambaye mlishamwandikia 200 kabla hajaanza.

Hili jambo linaniuma kwa sababu yangu mwenyewe pia, na wengi wenu mnaijua hadithi yangu. Darasa la sita nilikuwa nabeba namba moja, basi mtaa mzima ukaanza kuniita daktari. Shosho alikuwa ananionyesha goti lake eti nimpime. Hakuna aliyeniuliza. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, watu hawakuuliza sasa unafanya nini, unakula vipi, unaendeleaje. Waliuliza "daktari wetu alienda wapi?" Nalipa kodi ya nyumba na hizi video, mwezi mwingine kwa shida, mwezi mwingine vizuri. Lakini kwa harusi na matanga mimi bado ni yule daktari aliyepotea. Mtu ambaye hajawahi kuwepo ndiye natoshanishwa naye. Kwa hivyo mkisema Walcott alifeli, naisikia hiyo sauti kabisa, ni ya anti yangu.

Na sisemi kila mtu asisemwe. Kama alicheza vibaya, alicheza vibaya, alikuwa analipwa pesa nzuri sana. Ninachokataa ni hii tabia ya kumtengenezea mtu maisha kichwani kwetu kisha tunamkasirikia kwa kutoyaishi. Inaendelea hata sasa. Ethan Nwaneri aliingizwa uwanjani na Arsenal 2022 akiwa na miaka 15, na sikuhitaji kungoja wiki kabla ya kuona mabango ya "huyu ndiye mpya wa fulani". Max Dowman vile vile, 2025, miaka 15. Wengine wenu mlioandika hivyo ndio mtaandika "alifeli" wakifika ishirini na mbili. Nimeweka skrinishoti.

Tena kuna kitu ambacho hatukihesabu: mwili. Januari 2014, Kombe la FA, Arsenal wanaongoza Tottenham 2-0, goti la Walcott likaachia. Kano ya ndani ilikatika. Msimu umeisha, Kombe la Dunia la Brazil limeenda. Yeye wakati huo hajui ni mbaya kiasi gani. Anabebwa na machela kupitia mbele ya mashabiki wa Spurs, wanamrushia sarafu, na jamaa amelala pale anatabasamu huku anawaonyesha kwa vidole: mbili, sifuri. Hiyo picha ndiyo nimeweka kwa simu yangu, si ya Anfield. Alirudi, akafunga bao la kwanza la fainali ya Kombe la FA 2015 Villa wakilala 4-0. Baadaye akaenda Everton Januari 2018, kisha akarudi pale pale Southampton alikoanzia, akastaafu 2023 akiwa na miaka 34. Kombe la Dunia aliloitwa akiwa mtoto halikumpa dakika hata moja, wala hakuenda lingine.

Na ile klipu ya Anfield, kwa wale walioniuliza kwa DM kwa nini niliikata pale: dakika kama mbili baada ya lile bao, Liverpool walipata penalti, Gerrard akafunga, wakaongeza jingine, ikaisha 4-2. Arsenal wakatoka. Dogo alikuwa amefanya kila kitu miguu yake ingeweza, na beki wake akafanya madhambi upande ule mwingine wa uwanja.

Kesho naposti ile ya Reading ya 2012, Arsenal wakiwa chini 4-0 kabla ya mapumziko. Nyinyi wa komenti za haraka, ngojeni klipu iishe kwanza.