Tathmini itangulie tingatinga

Kijana wa Kwale, ukisikia "tathmini ya kimkakati ya mazingira" usidhani ni mambo ya wataalamu wa Nairobi. Ni mambo ya bahari ya Diani, mashamba ya Msambweni na kilima cha Mrima.

Hii si ile tathmini ya mradi mmoja mmoja, hoteli hii au mgodi ule. Hii hupima sera na mipango mizima kabla mradi wowote haujaanza: madini, utalii na uvuvi vitakaaje pamoja kutoka Diani hadi Vanga? NEMA ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka 2012, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yakaifanya tathmini hiyo kuwa lazima.

Kwenye karatasi, mwongozo ni mzuri. Unataka njia mbadala zipimwe, wananchi wasikizwe na utekelezaji ufuatiliwe. Lakini sisi tunaupima kwa mambo mawili: wakati na lugha.

Kuhusu wakati, tazama Lamu. Bandari ilianza kujengwa kabla ya tathmini ya kimkakati ya mpango mzima wa LAPSSET. Wavuvi wakaenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema tathmini ilipaswa kutangulia, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Sawa, lakini pesa hazirudishi mikoko.

Kuhusu lugha, mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sasa mzee wa Msambweni atatoaje maoni juu ya ripoti asiyoweza kuisoma? Huko si kushirikishwa, ni kuhesabiwa vichwa tu.

Kwetu saa imefika. Uchimbaji wa titani ulikoma Desemba 2024, na sasa macho yako Mrima, msitu wa kaya wenye madini adimu. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023–2027 nao utafuatwa na mwingine.

Baraza likiitwa, usimwachie baba peke yake. Nenda, uulize: Tathmini imefanywa? Muhtasari wa Kiswahili uko wapi? Nani atafuatilia, na atatuletea majibu lini? Wakikosa jibu, sema wazi kwamba mpango hauko tayari, na uhakikishe limeandikwa.

Pwani hii si shamba la bibi.