Kahawa Mbinga: Faharasa Kabla ya Mashine Mpya

Msimu wa kahawa unapofunguka Mbinga, kila dakika kwenye meza ya mizani ina bei yake. Tangu 2018 Serikali ilipoelekeza kahawa ipitie vyama vya ushirika vya msingi, malipo ya mnada humfikia mkulima kwa jina lililoandikwa na karani wa chama. Katika nchi ya akina Ndunguru, Komba, Kapinga na Hyera, kulipata jina sahihi ndani ya kompyuta si jambo dogo.

Chama ambacho kompyuta yake inasuasua hushauriwa upesi kununua mashine kubwa zaidi. Ushauri huo ni ghali, na anayelipa ni mkulima. Mara nyingi kasoro ni namna ya kutafuta. Karani anayeanza na "Ndung" husaidiwa na faharasa ya kawaida, kama mtu afunguavyo kamusi penye N. Akitafuta "nguru", herufi za katikati, faharasa hiyo haimfai. Mashine husoma jedwali zima, mstari kwa mstari. Programu ya PostgreSQL, isiyolipiwa hata senti, ina nyongeza iitwayo pg_trgm inayokata jina vipande vya herufi tatu tatu na kuviwekea faharasa. Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 inahudumia hata herufi za katikati. Tena humfichua Ndunguru aliyeandikwa "Ndungulu", kosa linaloweza kumchelewesha mtu kupata fedha zake.

Kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli, anayeorodhesha samaki anahitaji faharasa ya maneno. Lakini PostgreSQL haikuja na kanuni za Kiswahili za kutambua mzizi: anayetafuta "kukausha" hapati "wakaushaji", na anayetafuta "dagaa" hamwoni muuza usipa mpaka orodha ya visawe iandikwe. Fundi wa Dar es Salaam hawezi kazi hiyo bila mchuuzi wa pale pale.

Mafundi nao wasiweke faharasa kila safu. Kila gunia linaloingizwa hugusa faharasa zote za jedwali, na wakati wa mavuno si wa kuchelewesha mizani. Amri ya EXPLAIN huonyesha kama utafutaji unapitia faharasa au unasoma jedwali zima. Viongozi wa chama waidai karatasi hiyo kabla ya kutia saini ankara ya mashine mpya.