Shikamoo Yake i Wapi?

Kwa Wamasai wa Wasso, tarafani Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mtu haitwi ovyo. Kijana humwita mwanamke aliyemzidi umri "yeyo", na mwanamume mzee "papa". Mtoto huinamisha kichwa aguswe na mkubwa, ndipo salamu itimie. Waliopeana ng'ombe huitana "pakiteng", jina lisilopatikana bure. Lipo pia "ero", la kumwitia mvulana au kijana.

Ni hilo la mwisho watu wa mjini walilolichukua. Wamelifanya "Yero", wakamvika kila Mmasai: mlinzi wa getini Dar es Salaam, msusi wa Kariakoo, muuza shanga wa Nungwi. Mzee mwenye wajukuu huitwa na kijana wa juzi kana kwamba ni mtoto mchunga ndama. Mkoloni alipomwita mtu mzima "boi", watu waliona uchungu. Leo tusi lile lile limevishwa shuka jekundu, na watu wanacheka.

Watetezi wake husema ni utani, na kwamba maneno hubadilika. Kubadilika ni kweli. Kwa Wajapani, "kisama" lilikuwa neno la heshima katika barua. Leo ni tusi. "Omae" nalo lilishuka cheo, lakini katika intaneti watu wasiojuana huitana "omaera", yaani nyinyi nyote, bila kugombana, kwa sababu anayeita naye huitwa vivyo hivyo. Waswahili nao wana "mkuu", wanalopeana simuni bila kujuana. Ni neno jepesi, lakini huenda na kurudi. "Yero" hairudi. Mlinzi gani amepata kumwitikia tajiri wake kwa neno hilo? Utani wa makabila ulikuwa na pande mbili; wenye upande mmoja ni dharau.

Wala heshima si adimu. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Wengi hawakuwa wamepata kumwona, lakini walimwita "Babu". Haja ilipowabana, undugu waliuona.

Basi watunzi wa pwani, wanaohesabu mizani na kulinda vina, wapime na miito iliyomo vinywani mwao. Mlinzi yule wa getini ana mvi. Shikamoo yake i wapi?