Bwana Shamba Asema: Chupa Isiyo na Karatasi

Mwezi huu sitaandika habari za mbegu wala mbolea. Nitaandika habari za chupa moja ya soda. Chupa hiyo ilikuwa chini ya kitanda katika nyumba moja hapa Rusimbi, hatua chache kutoka kwangu.

Jirani yangu ni mama mwenye watoto watatu. Analima nyanya na mchicha katika bonde la Mto Luiche. Wadudu waliziingia nyanya zake, akaenda dukani kununua dawa. Chombo cha lita moja kilikuwa na bei kubwa, hakukiweza. Mwenye duka akampimia kidogo katika chupa tupu ya soda. Mama akalipa, akarudi nyumbani. Hakupewa risiti, wala hakuidai.

Alipofika aliiweka chupa chini ya kitanda. Nyumba ina vyumba viwili, na hakuna mlango wenye kufuli. Asubuhi mwanawe wa miaka minne akaiona. Mtoto anajua jambo moja tu kuhusu chupa ya soda, kwamba ndani yake mna soda. Akanywa.

Niliitwa mbio. Nilimkuta mtoto anatokwa na mate mengi na jasho. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Alihema kwa shida. Bibi mmoja alikuwa amekwisha kushika kikombe cha maziwa ili amnyweshe. Nilimzuia. Ndugu msomaji, mtu aliyekunywa sumu usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Sumu nyingine zimechanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa. Akitapika, mafuta hayo huingia katika mapafu na kuyaharibu. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali upesi.

Wote waliniuliza, "Bwana Shamba, hii ni dawa gani?" Niliitazama chupa. Ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Dawa nyingi zina rangi hiyo. Chupa haikuwa na karatasi ya maelezo. Mimi niliyesomea kilimo, niliyefundisha watu matumizi ya dawa kwa zaidi ya miaka ishirini, nilisimama pale sina jibu.

Tulimpeleka mtoto hospitali kwa pikipiki. Daktari akauliza swali lile lile. Alianza kumtibu kwa dalili alizoziona, lakini alitaka jina la dawa. Nikarudi dukani. Chombo kikubwa kilikuwa kimekwisha na kutupwa. Mimi na kijana wa duka tulikitafuta jalalani kwa mikono yetu mpaka tukakipata. Nilipofika tena hospitali, saa nzima ilikuwa imepita.

Mtoto alilazwa siku tisa. Yuko hai.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo linalonihusu. Zamani, nilipoanza kazi, na mimi nilikuwa nikiwapimia wakulima dawa katika chupa za maji. Niliona nawasaidia, maana hawakuweza kununua chombo kizima. Hakuna aliyekufa, nami sikujua hatari yake. Siku ile jalalani nilizikumbuka chupa zile zote, nikajiuliza ziko wapi.

Karatasi ya chombo

Karatasi iliyobandikwa juu ya chombo cha dawa ya mimea ndiyo inayokwambia kilichomo. Iwe na jina la dawa, namba ya kusajiliwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na maelezo ya Kiswahili. Chini yake utaona mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu kali. Bluu ni sumu ya wastani. Kijani ni sumu hafifu, lakini bado ni sumu. Karatasi hiyo inamwambia daktari pia ni tiba gani itafaa. Sumu kama ile ya mtoto wa jirani yangu ina dawa yake ya sindano, iitwayo atropini.

Kazi ya kusajili dawa hizi na kuwapa wauzaji vibali ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wazee wanakumbuka jina la TPRI, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo zamani. Muuzaji hana ruhusa ya kufungua chombo na kuwapimia watu katika chupa apendavyo. Kama lita moja ni ghali, changeni watu wanne mnunue chombo kimoja, mkitunze kwa mmoja wenu katika sanduku lenye kufuli. Sisi Rusimbi tumeanza hivyo mwaka huu. Palikuwa na ugomvi kidogo juu ya nani ashike ufunguo. Sasa umekwisha.

Na chupa tupu ya dawa usitie mawese. Nayasema haya kwa sababu nimeona. Katika mkoa wetu mawese na mafuta ya taa huuzwa kwa chupa, na chupa hutafutwa kama dhahabu. Kuosha hakutoshi. Toboa chombo cha dawa kikiisha, ili mtu asikitamani.

Ni kosa la nani?

Mtoto akiwa bado hospitali, maneno yalianza mtaani. Wengine walisema ni kazi ya Mungu. Wengine walimlaumu mama, kwamba ni mzembe. Sikumsikia hata mmoja aliyemtaja mwenye duka.

Siku ya sita mwenye duka alikuja mwenyewe. Alileta sukari kilo mbili na shilingi elfu hamsini. Alisema kwa upole, "Dada, pole sana. Hii ni ya kumsaidia mtoto. Weka dole gumba hapa, kuonyesha umepokea." Akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa.

Mama yule alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Alisema, "Kaka, sitaki kidole cha wino. Nipe niisome." Akaisoma polepole, neno kwa neno, sisi tumekaa kimya. Mstari wa mwisho ulisema kwamba amelipwa kila kitu na hatadai tena jambo lolote, mahali popote. Akairudisha. Alisema, "Sukari nimepokea, ahsante. Karatasi sitaitia saini, maana bado sijui mtoto wangu atapona vipi."

Baadaye aliniuliza, "Bwana Shamba, je, ninaweza kudai? Na mimi niliiweka chupa chini ya kitanda." Mimi si mwanasheria. Nilikwenda kuuliza. Haya ndiyo niliyofahamishwa.

Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, nchi ya Uskoti, mama mmoja maskini aitwaye May Donoghue alikwenda mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi. Kilikuwa katika chupa nyeusi, haionekani ndani. Bibi Donoghue akanywa kiasi. Rafiki alipomimina kilichobaki, wakasema ametoka konokono aliyeoza. Bibi Donoghue akaugua tumbo.

Akamshtaki mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda akasema, "Mama huyu hakununua kitu kwangu. Hata mkahawani hakulipa yeye, alilipa rafiki yake. Ananidai nini?" Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mama huyo hakuwa na fedha, akaruhusiwa kushtaki kama mtu maskini. Tarehe 26 Mei 1932 majaji watano waliamua, watatu kwa wawili. Walisema mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia yule atakayekitumia kitu chake, hata kama hamjui na hakuuziana naye. Jaji mmoja aliwaita watu hao jirani. Jirani ni yule ambaye tendo lako linaweza kumdhuru, na ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Mwishowe pande mbili zilipatana, na Bibi Donoghue akalipwa.

Mahakama za Tanzania nazo zinaifuata kanuni hii. Basi mtoto wa Rusimbi, ambaye hakununua kitu chochote, ana haki ya kudai kupitia mzazi wake. Na mnunuzi ana Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, inayotaka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake. Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji. Mlaji hapa maana yake ni mtu yeyote anayenunua na kutumia bidhaa. Inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Je, kosa la mama? Lipo. Mahakama inaweza kusema mama naye alichangia, na ikayapunguza malipo anayodai yeye. Lakini kosa lake halilifuti kosa la muuzaji. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Afadhali. Nilidhani ni langu lote."

Usichelewe

Anayedai kwa sababu ya kuumizwa na uzembe wa mtu ana miaka mitatu tangu siku ya tukio. Ikipita, mlango hufungwa, hata kama kovu liko wazi. Kwa mtoto sheria ina hesabu yake, lakini mzazi asiitegemee. Ushahidi hauzeeki vizuri. Mashahidi huhama, na chupa hutupwa. Mama yule aliichukua chupa yake akaifungia katika mfuko, akaitia ndani ya debe, akalikabidhi debe kwa mwenyekiti wa mtaa. Alichukua PF3 polisi. Aliweka risiti zote za hospitali katika daftari la mtoto wake mkubwa. Aliandika majina ya sisi tuliokuwapo.

Wengi huogopa gharama za wakili. Tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria. Mtu asiye na uwezo husaidiwa bure. Wako wasaidizi wa kisheria, watu waliofundishwa kazi hiyo na kusajiliwa. Ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri itakuelekeza kwao. Hao ndio watakaokwambia dai lako lifunguliwe mahakama gani.

Kuna makosa ya hospitali pia, nayo watu wananiuliza. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili walikuwa na jina moja, Emmanuel. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa kichwa, mwingine wa goti. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa baadaye alifariki. Nchi nzima ilishtuka.

Si kila mgonjwa asiyepona amefanyiwa kosa, na madaktari wetu wanafanya kazi nzito kwa watu wengi. Lakini unayo haki ya kuuliza. Kabla ya sindano, uliza ni dawa gani. Kabla ya upasuaji, taja jina lako lote, na utaje mahali unapoumwa, hata kama wamekwisha kuuliza mara mbili. Ukiona umekosewa, anza kwa mganga mkuu wa hospitali. Daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza hayo yanaweza kumzuia mtu kufanya kazi. Malipo ya fidia ni kazi ya mahakama. Ukitaka kuishtaki Serikali kwa ajili ya hospitali yake, lazima kwanza utoe taarifa ya maandishi, usubiri siku 90. Siku hizo zihesabu mapema, usije ukakumbuka miaka mitatu ikiwa imebaki wiki mbili.

Msaidizi wa kisheria alimwandikia mwenye duka barua kwa niaba ya mama. Walikutana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye duka alikubali kulipa gharama zote za hospitali na siku ambazo mama hakwenda shambani. Analipa kidogo kidogo kila mwezi, na kila malipo yanaandikwa. Safari hii karatasi ilisomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya saini. Imeandikwa humo kwamba mtoto akionekana na madhara mengine baadaye, mazungumzo yataanza upya. Mtoto anacheza, ila huchoka mapema kuliko wenzake, na mwezi ujao anarudi kwa daktari kupimwa.

Ndugu wa Kalinzi aliyeandika kuhusu kahawa yake kukauka matawi, barua yako nimeipata. Nitaijibu katika toleo lijalo. Kama umekwisha kununua dawa ya kuipulizia, niandikie maneno yote yaliyo kwenye karatasi ya chombo.