Mgeni Aje, na Mwenyeji Apumzike



Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi Juni na tena mwezi Desemba, barabara inayopita hapa Tunguu kuelekea kusini na mashariki ya kisiwa hubadilika sura. Magari ya wageni hufuatana tangu asubuhi, yakitoka uwanja wa ndege na Mji Mkongwe kwenda Jozani, Paje, Jambiani na Kizimkazi. Ndani yake wamo baba, mama na watoto, familia nzima pamoja, wamo likizoni. Na katika daladala zinazofuata nyuma wamo waamini wetu, baba peke yake au mama peke yake, wakienda kuwatandikia wageni hao vitanda, kuwapikia na kuwalindia mageti. Watoto wao wamebaki nyumbani chini ya uangalizi wa dada yao mkubwa, na likizo yao itakwisha kama ilivyoanza.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wageni. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 630,000, na mwaka 2024 zaidi ya 730,000. Ada za shule, mabati ya nyumba na hata sadaka za Dominika katika parokia nyingi za Unguja hutokana na kazi wanazotupatia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachopenda kukitafakari wiki hii ni nusu ya pili ya methali hiyo. Je, mwenyeji anapona? Na kama anapona mfukoni, je, anapona nyumbani mwake?

Kiangazi cha Ulaya ni kipupwe chetu, na majira ya baridi ya huko ni kaskazi yetu yenye joto. Kwa hiyo likizo za watoto wetu huangukia karibu kabisa na misimu ambayo hoteli hujaa. Wakati mtoto yupo huru, mzazi wake ana kazi nyingi kuliko wakati wowote. Mzazi anapopata nafuu, mwezi Aprili, mvua za masika zinapofukuza wageni na baadhi ya hoteli kufunga milango, mtoto yupo darasani. Hakuna mtu aliyepanga jambo hili kwa ubaya, lakini matokeo yake tunayaona. Tuliwahi kuwauliza watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza watutajie ufukwe wanaoupenda. Mtoto mmoja alitujibu, bila huzuni yoyote, kwamba ufukwe ni wa wageni; baba huenda huko kazini. Mtoto huyo amezaliwa katika kisiwa ambacho watu huvuka bahari na mabara kuja kukiona.

Ndugu wapendwa, wapo watakaosema kwamba padre ameacha mambo ya roho na kuanza kuzungumzia matembezi. Tuwakumbushe amri ya Sabato kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Mungu hakuishia kumwambia mwenye nyumba apumzike. Alimtaja mwana na binti, akamtaja mtumishi mwanamume na mtumishi mwanamke, akawataja hata wanyama, na mwisho akamtaja mgeni aliye ndani ya malango. Mgeni na mtumishi wamo katika amri moja. Na kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, kinaeleza sababu: ili mtumishi naye apate kupumzika kama bwana wake. Basi, pumziko la mgeni linalojengwa juu ya mtumishi asiyepumzika kamwe limeshika nusu ya amri.

Tutazame pia maisha ya Familia Takatifu. Mwinjili Luka anatueleza kwamba kila mwaka Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Ilikuwa safari ya ibada, lakini ilikuwa pia safari ya ukoo na majirani. Ndiyo maana Yesu mwenye umri wa miaka 12 aliposalia nyuma, wazazi wake walitembea siku nzima wakidhani yumo katika msafara, miongoni mwa ndugu na marafiki. Bwana wetu alikua katika msafara wa namna hiyo. Alipokuwa mtu mzima aliwaita mitume waliochoka waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Na baada ya ufufuko, Mtakatifu Yohane anatuonyesha Yesu yule yule ufukweni alfajiri, akiwa amewasha moto wa makaa na kuwachomea samaki wanafunzi wake waliokesha kazini. Sisi watu wa pwani hatuhitaji ufafanuzi mrefu wa picha hiyo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba kucheza na kuchangamka kwa kiasi ni fadhila. Alisimulia habari ya kale ya Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale, na tena, na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba ndivyo inavyokuwa kwa moyo wa mwanadamu usiolegezwa kamwe. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba tukiliona pumziko kuwa ni jambo lisilo na faida, tunaiondolea kazi yenyewe maana yake.

Katika jambo hili tunayo mengi ya kujifunza kwa majirani zetu Waislamu. Ifikapo Sikukuu ya Idi, hata familia yenye kipato kidogo huwavika watoto nguo mpya, huwapa sikukuu yao mkononi na kuwapeleka mjini kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja au kwenye bembea za Kariakoo. Mtoto wa Unguja huikumbuka siku hiyo mpaka uzeeni. Kila mwezi Julai, katika Mwaka Kogwa, familia zilizotawanyika hurudi Makunduchi, hupika na kumkaribisha kila apitaye. Hatuhitaji kushiriki kila kilichomo katika mila hiyo ili kuona hekima yake: jamii imetenga siku, na siku hiyo inaheshimiwa na wote, tajiri na maskini.

Pingamizi tunalolisikia mara nyingi ni la fedha. Wazazi hutuambia kwamba matembezi ni ya wenye nacho. Tunadhani fikra hii imetokana na kuyatazama matembezi kwa macho ya wale tunaowahudumia, ambao kwao likizo ni ndege, chumba na mwongoza watalii. Matembezi ya familia hayana ulazima huo. Kutoka Tunguu hadi Unguja Ukuu ni safari fupi ya daladala. Pale watoto watakanyaga ardhi ya mji wa kale, uliokuwa ukifanya biashara na nchi za mbali zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na maji yakipwa wataokota makombe, yakijaa wataogelea karibu na mama. Msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, upo katika barabara yetu hii hii. Humo wanaishi kima punju, wanyama wa asili wa kisiwa chetu, na daraja la mbao hupita katikati ya mikoko. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Yupo mzazi atakayependa kwenda mjini. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, haina kiingilio. Inatosha kukaa ukutani wakati wa magharibi, kugawana sahani moja ya urojo na gilasi mbili za juisi ya miwa, na kuwatazama vijana wanavyojirusha baharini kwa mbwembwe. Mzazi anaweza kuwaonyesha watoto Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, akawaeleza kwamba hata kilichojengwa na masultani huhitaji matunzo. Kisha wapite Shangani, wasalimie Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890, ambalo minara yake miwili huonwa na kila anayeingia kwa boti.

Na ambaye hata nauli hana, anao mwembe. Desemba ni mwezi wa embe. Mkeka chini ya mti, kisu, chumvi na pilipili, mdako kwa wasichana, bao kwa baba na mjomba, hadithi za bibi: hayo nayo ni matembezi, maana mzazi ametoka katika shughuli zake na kuingia katika dunia ya mtoto. Mtoto atasahau bei ya kiatu alichonunuliwa. Siku ambayo baba alivua viatu na kukimbizana naye mchangani hataisahau.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni muda. Wapo wanaofanya kazi zamu hadi zamu, na Dominika yao huamuliwa na ratiba iliyobandikwa ukutani. Kwao tunasema: siku ya mapumziko ikiangukia Jumanne, basi Jumanne hiyo alasiri iwe ya familia, na isimezwe yote na usingizi na simu. Ni alasiri moja tu kwa wiki mbili tunayoiomba. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini si haki mzigo huu wote kumwachia mfanyakazi aliyechoka. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya mwaka 2005, inatambua mapumziko ya wiki na likizo ya mwaka. Wapo miongoni mwa waamini wetu wenye nyumba za wageni, wasimamizi wa zamu na wakuu wa idara. Kwao tuna ombi la wazi. Mnapopanga ratiba ya Desemba, mfikirieni mwenye watoto wadogo. Wapokezaneni siku ili kila mmoja apate angalau siku mbili na wanawe kabla shule hazijafunguliwa. Fundi wa bustani au mhudumu aliyecheka na watoto wake jana atampokea mgeni leo kwa uso wa kweli.

Kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wanakwaya na wanakamati tuna ombi pia. Baada ya Misa ya Dominika, tusizigawanye familia kwa vikao vinavyoweza kufanyika siku nyingine: baba kikao cha ujenzi, mama kikao cha WAWATA, watoto mazoezi ya nyimbo, hadi jua linapotua. Katika likizo ijayo ya Desemba, tunapendekeza Dominika mbili zisiwe na kikao chochote baada ya Misa. Kila jumuiya iangalie pia familia isiyo na mzazi mmoja, na mjane mwenye wajukuu, ili nao waalikwe katika msafara wa wengine, kama ilivyokuwa desturi ya msafara wa Nazareti.

Wageni wataendelea kuja, nasi tuwapokee kwa ukarimu ambao kisiwa hiki kimejulikana kwao tangu enzi za majahazi. Tunachotamani ni kwamba tukiwauliza tena watoto wa mafundisho habari za ufukwe, watutajie jina la mahali, na watuambie walikwenda na nani.

Mungu azibariki familia zenu. Tumsifu Yesu Kristo.